Saa ya miaka sita: kwa nini peso ya Meksiko ilianguka kila rais alipokaribia kuondoka

Tarehe 1 Septemba 1982 Rais José López Portillo alisimama mbele ya Bunge la Meksiko kusoma hotuba yake ya mwisho ya mwaka. Katikati ya hotuba akalia. Aliwaomba radhi maskini wa nchi yake, kisha akatangaza kwamba benki za binafsi zimetaifishwa. Mapema mwaka huohuo alikuwa ameapa kuitetea peso "kama mbwa". Peso haikuteteka. Alipostaafu, watu wakalipa jumba lake jina la Kilima cha Mbwa, na akionekana hadharani hawakukosekana wa kumbwekea.

Nafundisha uchumi wa maendeleo, na kila muhula tukifika Meksiko wanafunzi huja na majibu mawili tayari: ufisadi, na ujirani na Marekani. Yote mawili yana ukweli. Lakini huwa naandika ubaoni miaka mitatu ambayo peso iliporomoka vibaya, yaani 1976, 1982 na 1994, na kando yake naandika miaka ambayo rais alikabidhi ofisi. Ni miaka ileile. Anguko la 1987 lilitangulia makabidhiano kwa mwaka mmoja tu. Ufisadi peke yake hauelezi hilo, kwa sababu wizi hauna kalenda. Meksiko ilikuwa nayo, na ilikuwa imeandikwa kwenye katiba.

Chanzo chake ni mtu mmoja aliyeng'ang'ania kiti. Porfirio Díaz alichukua madaraka mwaka 1876 kwa uasi uliopinga, kati ya yote, rais kuchaguliwa tena. Ukitoa miaka minne aliyomwachia rafiki yake, alitawala hadi 1911. Alijenga reli, akafungua migodi kwa wageni, na huko Yucatán mashamba makubwa ya katani yakatajirisha familia chache kwa jasho la vibarua waliofungwa na madeni. (Mkonge wetu wa Tanga, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, unaitwa kitaalamu Agave sisalana kwa jina la bandari ya Sisal, hukohuko Yucatán.) Mwaka 1910 Francisco Madero alimpinga Díaz kwa kaulimbiu fupi: kura halali, hakuna kurudia. Yakafuata mapinduzi, na Katiba ya 1917. Jenerali Álvaro Obregón alipotaka kurudi Ikulu baada ya kupumzika kidogo, alishinda uchaguzi wa 1928 na kuuawa kwa risasi mgahawani kabla hajaapishwa. Tangu hapo hakuna aliyefanikiwa kurudi. Rais wa Meksiko hukaa miaka sita, huondoka, na harudi kamwe.

Mwaka uliofuata Plutarco Elías Calles aliunda chama cha kuwakusanya majenerali na wakubwa wa mikoa chini ya paa moja. Baada ya kubadili jina mara mbili kikawa PRI, na kikatawala bila kukatika hadi mwaka 2000. Kilikuwa chama dola kwa maana kamili: wafanyakazi na vyama vyao walikuwa tawi lake, wakulima tawi lake, watumishi wa serikali tawi lake. Ndani ya chama hicho yalikuwepo makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Rais ni mfalme kwa miaka sita, na mwishoni anamteua mrithi wake kwa kunyoosha kidole. Wameksiko wanaita hivyo hasa, dedazo, pigo la kidole. Kisha anakwenda nyumbani na kunyamaza.

Wanaoicheka PRI husahau jambo moja. Brazil, Chile na Argentina zilipokuwa zikiongozwa na wanajeshi, Meksiko haikupinduliwa. Kati ya 1940 na 1970 uchumi ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 6 kwa mwaka, na kuanzia 1954 dola moja ilikuwa peso 12.50, bila kutikisika kwa miaka 22. Gharama yake ilionekana waziwazi tarehe 2 Oktoba 1968, wanajeshi walipowafyatulia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, siku kumi kabla ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki ya Mexico City.

Sasa kaa kwenye kiti cha rais huyo katika mwaka wake wa tano. Kugombea tena hakupo. Kilichobaki mkononi ni jina la mrithi. Kila waziri anatamani liwe lake, na maadamu hujalitaja, wote wanakunyenyekea. Mteule ambaye bado hajatajwa waliita tapado, aliyefunikwa, na kumtangaza kukaitwa kumfunua. Ukishamfunua, wageni wote wanahamia barazani kwake. Kwa hiyo rais huvuta muda, na katika muda huo ni waziri gani wa fedha atakayekuletea habari mbaya, naye ni mmoja wa waliofunikwa? Si mfano wa kubuni. López Portillo mwenyewe alikuwa waziri wa fedha kabla ya kuteuliwa. Miguel de la Madrid na Carlos Salinas waliomfuata walitoka wizara ya mipango na bajeti. Wapishi wa bajeti ya mwaka wa uchaguzi ndio waliokuwa wakisubiri kuitwa mezani.

Ongeza uchaguzi wenyewe. Barabara zizinduliwe, ruzuku ziendelee, vyama vya wafanyakazi vipozwe. Serikali ikitumia kuliko inavyokusanya, bidhaa za nje zinaingia kwa wingi, na kwa kuwa bei ya dola imefungwa, Benki Kuu inauza akiba yake ya dola ili bei ibaki palepale. Dawa inajulikana: ishushe peso mapema, kidogokidogo. Lakini kulikuwa na msemo kwamba rais anayeishusha thamani sarafu hujishusha thamani mwenyewe, na hakuna anayetaka kuondoka na aibu hiyo. Ikawa funika kombe mwanaharamu apite, naye mwanaharamu ni mwezi wa Desemba, siku ya makabidhiano. Atakayekuja atashusha, na lawama atazitupa kwa aliyeondoka.

Tatizo ni kwamba mchezo ukirudiwa mara mbili, watazamaji wanaujua. Wenye fedha wa Monterrey na Mexico City hawakuhitaji kuwa wachumi, kalenda ilikuwa ukutani. Mwaka wa mwisho ulipokaribia walibadili peso kuwa dola na kuzipeleka Texas, na kukimbia kwao ndiko kulikolileta mapema anguko walilolikimbia. Aliyebaki na peso ni mwalimu, mstaafu na mama muuza tamale.

Mwaka 1976 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1982 mchezo ulikuwa na mafuta ndani yake: eneo kubwa la mafuta la Cantarell katika Ghuba ya Meksiko lilikuwa limegunduliwa, López Portillo akasema kazi sasa ni kuusimamia utajiri, na benki za New York zikamkopesha bila kuuliza sana. Bei ya mafuta ikashuka, riba za Marekani zikapanda, na Agosti waziri wake wa fedha, Jesús Silva Herzog, akaenda Washington kusema fedha za kulipa hakuna. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini ikaburutwa nyuma yake. Mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 160 mwaka 1987. Kufikia 1993 serikali iliikata sarafu sufuri tatu.

Anguko la 1994 ndilo ninalolipenda kulisomesha, kwa sababu safari hii waliokuwa madarakani walikuwa wachumi kweli. Salinas alikuwa na shahada ya uzamivu ya Harvard. Aliuza mashirika ya umma, aliifanya Benki Kuu kuwa huru, na Januari mosi 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ukaanza kazi. Alfajiri ileile waasi wa Kizapatista, wengi wao wenyeji wa asili Wamaya, waliteka miji kadhaa katika jimbo la Chiapas. Machi mgombea wa PRI, Luis Donaldo Colosio, akapigwa risasi Tijuana. Dola zikaanza kukimbia. Ili kuwatuliza wawekezaji, serikali ilibadili madeni yake ya muda mfupi kuwa hati zinazolipwa kwa kufuata bei ya dola, maana yake ni kwamba peso ikishuka, deni linapanda. Tarehe 20 Novemba watu wa rais anayeondoka na wa anayeingia, Ernesto Zedillo, walikutana nyumbani kwa Salinas kujadili kuishusha peso. Hawakuishusha. Zedillo aliapishwa Desemba mosi, na tarehe 20 Desemba kamba ikakatika. Dola ilikuwa karibu peso 3.40, na baada ya miezi mitatu ilipita peso 7. Marekani na Shirika la Fedha la Kimataifa waliandaa mkopo wa takriban dola bilioni 50. Uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 1995, na riba zilizopita asilimia 70 ziliwanyang'anya watu nyumba walizokuwa wakizilipia. Salinas na Zedillo wameendelea kulaumiana juu ya Desemba ile. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki, na ndiyo maana naliona kosa kwenye mfumo kabla ya kuliona kwa mtu.

Kilichovunja saa hiyo ni vitu viwili vilivyokuja karibu pamoja. Peso iliachwa ielee, kwa hiyo hapakuwa tena na bei ya heshima ya kulindwa. Na mwaka 1996 tume ya uchaguzi ilitolewa mikononi mwa wizara ya mambo ya ndani. Zedillo alikataa kunyoosha kidole, chama kikapiga kura ya ndani kumpata mgombea, na usiku wa tarehe 2 Julai 2000 akatokea kwenye televisheni kumtambua mshindi wa upinzani, Vicente Fox. Rais aliondoka, na peso ikabaki imesimama.

Zedillo huyohuyo alianzisha mwaka 1997 mpango wa Progresa: mama anapewa fedha kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Waliuanza katika vijiji 320, wakaacha vijiji 186 visubiri ili walinganishe matokeo. Ulikuwa ujanja wa kisiasa pia. Mpango wenye ushahidi ni mgumu kuufuta, na kweli uliwavuka marais watatu waliofuata kwa kubadili jina tu. Wazo lilisafiri mbali. Fedha zenye masharti ambazo TASAF imekuwa ikizipa kaya maskini Tanzania ni za ukoo huohuo. Kwao Meksiko mpango ulifutwa mwaka 2019.

Wanafunzi hutegemea kwamba baada ya 2000 hadithi inakuwa ya mafanikio. Sivyo. Meksiko ilipata utulivu bila kasi. Tangu 1994 uchumi umekua kwa karibu asilimia 2 tu kwa mwaka, ingawa viwanda vya kaskazini vinajaza Marekani magari na televisheni, na zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje yanakwenda kwa jirani huyo mmoja. Ukivuka kutoka Nuevo León, jimbo la viwanda la kaskazini, hadi Chiapas kusini ni kama umebadilisha nchi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi, na serikali hukusanya kodi ndogo kuliko karibu nchi zote wenzake wa OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, kwa hiyo haina cha kuwekeza kusini. Hofu ya mfumuko wa bei nayo iliacha kovu: kwa miongo mitatu kima cha chini cha mshahara kilibanwa kama dawa ya kutuliza bei.

Hapo ndipo Andrés Manuel López Obrador alipowapata watu. Alipoingia Ikulu Desemba 2018 kima cha chini kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Mwaka 2024 kilikuwa 248.93. Nilikuwa miongoni mwa waliotabiri kwamba ajira zingepotea. Hazikupotea kwa kiasi nilichodhani, na umaskini kwa kipimo cha serikali ulishuka kutoka asilimia 41.9 mwaka 2018 hadi 29.6 mwaka 2024. Nimelazimika kuandika upya somo moja zima.

Lakini tazama mwaka wake wa mwisho. Nakisi ya bajeti ilifika karibu asilimia 6 ya pato la taifa, treni na kiwanda cha kusafishia mafuta vikikimbizwa vikamilike. Mteule wake, Claudia Sheinbaum, alishinda Juni 2024 kwa karibu asilimia 60 ya kura, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Peso, iliyokuwa chini ya 17 kwa dola mwezi Aprili, ilikuwa imefika 20 mwisho wa mwaka, wawekezaji wakihofia wingi wa viti vya chama chao cha Morena bungeni na mpango wa kuwachagua majaji kwa kura. Ilishuka, lakini haikuanguka, kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kuangukia, yaani bei ya dola iliyofungwa.

Ukuta uliobaki ni Pemex, shirika la mafuta lililozaliwa mwaka 1938 Lázaro Cárdenas alipotaifisha visima. Mwishoni mwa 2024 lilikuwa likidaiwa karibu dola bilioni 100, Cantarell imekauka karibu yote, na hazina ya serikali hulipa likishindwa. Sheinbaum ataondoka mwaka 2030. Bajeti ya 2029 ndiyo nitakayoisoma kwa makini, na nitaanzia ukurasa wa Pemex.