Pedi ya bei nafuu inaanzia kwenye nyuzi

Nikialikwa kwenye kikao cha teknolojia na hedhi, huwa najua kabla sijakaa kwamba kuna mtu atatuonyesha programu ya simu. Itahesabu siku, itakumbusha tarehe, pengine itaonyesha duka la karibu lenye taulo za kike. Sina ugomvi nayo. Ila mama lishe mwenye mabinti wawili anazijua siku zake na duka analijua. Kinachomshinda ni bei. Mimi ni mhandisi wa nyuzi, na nikiitafuta bei hiyo ilikoanzia, naichana pedi.

Juu utakuta kitambaa chepesi kisichofumwa, kinachopitisha damu bila chenyewe kubaki kimelowa. Chini kuna plastiki nyembamba ya kuzuia kuvuja. Kazi yenyewe iko katikati: nyuzi laini nyeupe ambazo wengi hudhani ni pamba, kumbe mara nyingi ni mbao iliyochambuliwa, na kwenye pedi nyembamba huongezwa chembe za kemikali zinazogeuka jeli zikigusa majimaji. Nyuzi hizo za mbao kwa sehemu kubwa hutoka kwenye misonobari ya kusini mwa Marekani. Kwa hiyo binti wa Korogwe, aliyezungukwa na mashamba ya mkonge, akinunua pedi analipia msonobari wa ng'ambo, meli, bandari na lori.

Wengi wanamfahamu Arunachalam Muruganantham wa Coimbatore, India, aliyegundua mwaka 1998 kwamba mkewe anatumia matambara na akaamua kutengeneza pedi mwenyewe. Mashine zake ndogo zinachambua nyuzi, zinazikandamiza, zinaifunga pedi na kuua vijidudu kwa mwanga wa urujuanimno. Mitambo ya viwanda vikubwa ilikuwa ya mamilioni ya rupia. Yake aliiuza kwa takribani rupia 75,000, na wateja wake wakawa vikundi vya wanawake vijijini. Mwaka 2016 serikali ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Namheshimu sana. Lakini mashine yake ilipunguza gharama ya kutengeneza tu. Kikundi bado kilipaswa kununua nyuzi za mbao, na zikipanda bei, kikundi hakina la kufanya.

Malighafi ilitusumbua hata kwenye kodi. Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Watu walilaumu tamaa ya wafanyabiashara, na pengine ilikuwepo. Ila bidhaa ikisamehewa VAT, mwenye kiwanda harudishiwi VAT aliyolipa kwenye malighafi, hivyo gharama inabaki mle mle ndani ya pakiti.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na walioanza na mmea. Kule Makerere, Moses Musaazi alitengeneza MakaPads kwa mafunjo ya vinamasini na karatasi chakavu, na wakimbizi wa makazi ya Kyaka II, Uganda, wakawa miongoni mwa watengenezaji wake. Rwanda kuna mradi wa SHE unaotumia nyuzi za migomba.

Na sisi tuna mkonge. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za katani, kabla kamba za plastiki hazijatuvunjia soko. Shida ni kwamba katani mbichi hainywi maji ya kutosha kwa pedi. Kinachoizuia kunywa zaidi ni lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi za mmea. Mwaka 2023 timu ya Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford ilichapisha njia ya kuiondoa kwa mchanganyiko wa asidi ya fomiki (iliyomo kwenye maji moto, wale wadudu wekundu wa kwenye miembe) na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Hakuna klorini wala mtambo mkubwa wa mvuke na shinikizo. Baada ya kuoshwa na kuchambuliwa, nyuzi hizo zilifyonza kuzidi zile za kwenye pedi za dukani.

Utaniuliza, kikombe cha hedhi je? Kwa hesabu ya shilingi hakuna kinachokishinda: kimoja kinaweza kudumu hadi miaka 10, na mapitio ya tafiti 43 yaliyotoka katika Lancet Public Health mwaka 2019 yalikikuta ni salama. Kinataka maji safi, faragha na muda wa kukizoea, na kuna nyumba ambazo mama hawezi kumkubalia bintiye kukitumia kabla hajaolewa. Pedi za kufua nazo zinataka sabuni na jua, wakati wengi huzianika chini ya godoro wasionekane. Mimi nauza wazo la katani, lakini mwenye maji na faragha namwambia achukue kikombe.

Simu naipa kazi moja: malipo. Kikundi cha akina mama kinaweza kukusanya oda na pesa za mtaa mzima kwa simu, kikanunua kwa bei ya jumla. Vocha ya pedi inayotumwa kwa simu ni ngumu zaidi, maana katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na ujumbe wa pedi utasomwa na baba.

Kwenye mkonge, nyuzi ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani, hivyo kazi ya kutenganisha ikae kiwandani palepale shambani, sio kwenye kikundi. Asidi inaunguza, sitaki kuiona kwenye ua wa mtu mwenye watoto. Kikundi kipokee nyuzi zilizokwisha kusafishwa na kupimwa, kikandamize, kifunge, kiuze. Ile plastiki ya chini bado itaagizwa, na kwa sasa sina mbadala wa bei hiyo.