Je, wajua? Vinundu vya kope vinavyofanana huweza kuwa magonjwa tofauti

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, alfajiri, umuulize muuzaji jina la visamaki vilivyobaki kwenye ndoo yake. Atakujibu: furu. Wote furu. Mtafiti wa samaki akiwafunua midomo na kukagua meno, atawatenga spishi kwa spishi, maana Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu.

Madaktari wana furu wao: histiositi. Hizi ni seli za kinga zinazokaa ndani ya tishu, nyingi zikiwa na kazi ya kumeza vijidudu na mabaki. Kwa nadra hurundikana pasipo sababu ya wazi. Zikijaa mafuta na kutuama kwenye kope, ngozi huota uvimbe wa njano.

Uvimbe wa njano kwenye kope mara nyingi ni zanthelasma tu, ambayo haina makali, ingawa ni vizuri kupima lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Lakini ukiwa mgumu na kuchimbika kidonda, huenda ni zanthogranuloma ya nekrobiotiki, ambayo mara nyingi huambatana na protini isiyo ya kawaida kwenye damu. Au ni ugonjwa wa Erdheim-Chester, unaoweza kushika mifupa ya miguu, figo na hata moyo. Kwa macho matupu, furu watupu.

Basi hukatwa kipande kidogo cha uvimbe, kikawekwa chini ya hadubini. Hapo huonekana seli ya Touton: jitu lenye viini vilivyojipanga duara kama shada, nje yake povu la mafuta. Inapendeza kuitazama, ila haimalizi ubishi, kwa kuwa imo katika magonjwa kadhaa ya jamii hii.

Mwaka 1987 wataalamu waliyagawa magonjwa ya histiositi mafungu matatu: ya seli za Langerhans (seli za kinga za ngozi), yasiyo ya seli hizo, na ya saratani. Mwaka 2016 mafungu yakawa matano, yakapewa herufi: L, C, R, M na H. Yanayobaki kwenye ngozi mengi yako C. Erdheim-Chester, uliokuwa nje ya Langerhans, ukahamishiwa L, pamoja na ugonjwa wa seli za Langerhans, ingawa chini ya hadubini haufanani na wenzake wapya. Kisa ni jeni: karibu nusu ya wagonjwa wa pande zote mbili wana badiliko lilelile, liitwalo V600E, kwenye jeni ya BRAF.

Uhamisho huo si wa makaratasi. Vemurafenib, dawa ya saratani ya ngozi inayolenga badiliko hilo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kutibu Erdheim-Chester. Ndiyo maana mtu aliyekuja kwa ajili ya kope anaweza kujikuta anapigwa picha ya miguu.