Mpasheni Usiozaa Si Dume

Dhana iliyosababisha mipasheni mingi ikatwe bila hatia ni ile inayodai kuwa mmea huu una dume na jike kama mpapai. Mtu hupanda mche mmoja wa pasheni za njano, aina inayostahimili joto la pwani, akautambaza juu ya kichanja cha baraza kwa kuwa haupukutishi majani na kivuli chake hudumu mwaka mzima. Unachanua maua meupe yenye zambarau ambayo kila mgeni huyasifu, lakini yote yanadondoka bila kufunga tunda. Jirani akiulizwa, hutoa hukumu: huo ni dume, ukate.

Kabla ya kushika panga, lichungue ua moja alasiri. Katikati yake pana kijiti kilichobeba chavulio tano zenye chavua, yaani unga wa njano unaogandamana vidoleni, na juu ya chavulio hizo imekaa ovari ndogo ya kijani yenye vichwa vitatu vya kupokea chavua. Kiume na kike vimo humo humo. Ua likiwa limefunguka punde, vichwa hivyo husimama juu, kisha huinama taratibu hadi karibu na usawa wa chavulio, ili mdudu mkubwa anayepita chini yake kutafuta asali avipake chavua kwa mgongo wake.

Kasoro basi huwa mahali pengine. Mpasheni wa njano haupokei chavua yake wenyewe, wala ya mmea uliotokana na kipandikizi cha mama yule yule. Kwa hiyo anayepanda vipande viwili vya tawi moja amepanda mmea mmoja mara mbili. Panda miche miwili au mitatu iliyooteshwa kwa mbegu za matunda ya mashamba tofauti. Tena wanaofaa zaidi kuuchavusha ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, kwani nyuki wadogo wa asali mara nyingi huchukua chavua bila kugusa vile vichwa vitatu. Ninasikitika kila ninapoona watu wakiwaua nyuki hao kwa sababu ya matundu machache kwenye boriti. Wasipokuwepo, chukua chavua ya mmea mmoja kwa brashi laini na uipake kwenye ua la mwingine. Aina hii hufungua maua yake kuanzia adhuhuri na kuyafunga usiku, hivyo kazi hiyo hufanywa alasiri. Pasheni za zambarau, zinazopenda baridi ya nyanda za juu, hufungua alfajiri, na kwa kawaida mmea mmoja huweza kuzaa peke yake.

Wako pia wanaolinadi tunda hili kuwa ni la kuamsha mapenzi, kwa kudhani ndiyo maana ya jina lake, kwa kuwa neno la Kiingereza "passion" huweza kuwa mapenzi makali au mateso. Jina hilo lilitoka kwa wamisionari wa Kikatoliki huko Amerika ya Kusini, asili ya mmea huu, ambao waliona katika ua alama za mateso ya Yesu: vichwa vitatu kama misumari, chavulio tano kama majeraha, na duara la nyuzi kama taji la miiba.

Mpasheni haunyonyi mti unaoupanda. Hujishikiza tu kwa vijikono vinavyojisokota, ingawa majani yake yakizidi huunyima mti huo mwanga. Pasheni iliyosinyaa ngozi haijaoza, na mara nyingi ndiyo tamu kuliko ile nyororo. Majani na matunda mabichi yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi, kwa hiyo yasigeuzwe malisho ya mbuzi.

Kuhusu magonjwa, dawa ya ukungu si tiba ya kila kitu. Tunda likiwa gumu kama mti na ganda lake likanenepa, huenda ni virusi vinavyosambazwa na vidukari pamoja na visu vya kupogolea, na mmea huo ung'olewe. Mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa ukungu unaonyausha mmea, hukaa udongoni, ndiyo sababu wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Uganda hubebesha pasheni za zambarau juu ya shina la njano, ambalo huuhimili zaidi. Kupogoa kwenyewe kusiogopwe, kwa maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya: punguza matawi baada ya mavuno, na usafishe kisu kabla ya kuhamia mmea wa pili.