Je, wajua kinachoizuia nyumba ya Wamongolia isifumuke?

Kile kimia cha fito kinachotundikwa nyuma ya kochi katika vyumba vya kisasa, au kusimamishwa kutenga meza ya chakula, kinafanana na ukuta wa ger, nyumba ya mviringo ya wafugaji wa Mongolia. Ufundi wa kuijenga uliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za utamaduni mwaka 2013.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba paa la ger limebebwa na zile nguzo mbili za katikati, bagana, kama turubai la harusi na mlingoti wake. Sivyo. Nguzo huitegemeza toono, duara la mbao lililo kileleni, kwa sababu la Kimongolia ni zito. Wakazaki na Wakirgizi, wenye nyumba za ukoo huohuo, kwa kawaida husimamisha zao bila nguzo, na paa halianguki. Nikaelewa kwamba nilikuwa nikitazama mahali pasipofaa.

Kazi kubwa ni ya mkanda. Fikiria ngazi ya fundi rangi, ile ya kufungua miguu pande mbili. Ukiipanda kwenye sakafu laini bila kamba ya kuunganisha miguu, uzito wako unaisukuma miguu nje na ngazi inalala. Funga kamba, inatulia. Mapao ya ger, uni, yameegemea toono kwa juu na ukuta kwa chini, nayo yanausukuma ukuta nje kila upande. Mkanda unaouzunguka, ukafungwa kwenye fremu ya mlango, unaubana kama pete ya chuma inavyobana pipa. Ulegeze, ukuta unatanuka na paa linashuka.

Ukuta wenyewe hauna msumari. Fito zinapopishana hutobolewa, ukapitishwa ukanda wa ngozi wenye fundo, ndiyo maana ukuta unakunjika ukapakiwa juu ya ngamia. Basi kimia kilichotundikwa bila mkanda kisipewe rafu ya kubeba. Kama kitenga-chumba kinachokunjika, kinafaa sana.

Kama ni kuiga ger nyumbani, mimi ningeanza na dari. Toono huleta mwanga kutoka juu, na wafugaji hukisia saa kwa doa la jua linavyohama kutoka pao hadi pao. Hilo linataka anga safi na mlango uelekee kusini, kama desturi ya Mongolia. Toboa dari, weka kioo cha duara, halafu acha sakafu ya katikati wazi, doa lipite.