Je, wajua kwa nini anayeanza kusoma huchanganya b na d?

Jirani yangu mmoja hapa Chumbageni, Tanga, ana miaka 68, na alianza kujifunza kusoma mwaka jana. Baada ya sala ya alasiri hukaa barazani na mjukuu wake wa darasa la tatu, daftari mapajani, kidole kikitambaa chini ya herufi. Siku moja nilimkuta amekwama.

"Baba," akasoma.

"Bibi, hiyo *dada*."

Akaisogeza daftari mbali na macho, akairudisha. "Mume wangu, mbona ni zile zile? Hii si imegeuka tu!"

Bibi alisema kweli tupu. Mfikirie mbuzi. Umemwona kichwa kimeelekea kulia, mara akageuka kushoto. Huwezi kusema ni mbuzi mwingine. Mtumbwi ni hivyo hivyo, uso wa mtu ni hivyo hivyo. Ubongo wetu umeumbwa na mazoea ya kuhesabu upande wa kulia na wa kushoto kuwa kitu kimoja, na mazoea hayo yamewaokoa wengi: aliyemjua chui kwa ubavu mmoja hakungoja afundishwe ubavu wa pili. Maandishi yamekuja juzi tu, yana miaka kama 5,000, muda mfupi mno kwa ubongo kuzaliwa na sehemu yake maalumu ya kusomea. Kwa hiyo kila msomaji huazima sehemu iliyokuwa na kazi nyingine ya kutambua vitu kwa macho, akaifundisha upya. Na sehemu hiyo, ili isome, lazima iache mazoea yake ya zamani mbele ya herufi. Anayechanganya b na d si mzito wa kichwa. Macho yake yanafanya kile ambacho yamekifanya vizuri maisha yake yote.

Sehemu yenyewe iko upande wa kushoto, chini, kuelekea kisogoni. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo wa Ufaransa, na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, watu wazima 63 kutoka Ureno na Brazili. Kumi hawakujua kusoma, 22 walijifunza ukubwani, 31 walisoma tangu utoto. Kadiri mtu alivyojua kusoma, ndivyo sehemu ile ilivyoyaitikia maandishi kwa nguvu zaidi, na waliojifunza ukubwani nao walikuwa wamebadilika. Hilo lilinigusa sana. Tumelelewa na methali ya samaki mkunje angali mbichi, na wapo wanaompitia bibi pale barazani wakamwambia usoni kwamba yeye ameshakauka. Mwaka 1970, ulipotangazwa nchini kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa binti wa miaka 13 kwenye kambi ya mkonge, analea wadogo zake. Darasa lilimpita hivyo, si kwa kukosa akili.

Sasa ubongo unabadilikaje? Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na baina ya seli na seli pana upenyo mdogo sana ambao ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Nenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Mteja wa mara ya kwanza ataita mpaka koo limkauke; yule anayefika kila siku, muuzaji humjua kwa kikohozi tu, na kapu lake limeshatengwa. Seli nazo ndivyo zinavyozoeana. Seli moja ikiiamsha nyingine tena na tena, ile inayopokea huongeza vipokezi vyake, yaani milango ya kuipokea ile kemikali, na safari ijayo mwito mdogo unatosha. Mwaka 1973 watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha jambo hili katika ubongo wa sungura: walipoichochea njia moja ya neva kwa mfululizo, iliimarika na kubaki imara kwa saa nyingi.

Mabadiliko hayaishii machoni. Nilimwomba bibi atamke *paka*, kisha aondoe sauti ya kwanza. Akasema "ka". Mjukuu wake akasema "aka". Kwa asiyesoma, *pa* ni pande moja lisilogawanyika. Ni herufi zinazomfundisha mtu kuisikia *p* peke yake. Watafiti wa Ureno na Ubelgiji, akiwemo José Morais, waliliona jambo hilo mwaka 1979 kwa watu wazima wasiojua kusoma: kuondoa sauti moja mwanzoni mwa neno kuliwashinda wengi, ilhali waliosoma ukubwani waliliweza zaidi. Yaani kusoma kunabadilisha hata namna mtu anavyoisikia lugha aliyoizungumza tangu utoto!

Methali yetu ina ukweli wake, sikatai. Mtoto hujifunza upesi zaidi, na lafudhi ya lugha iliyojifunzwa ukubwani ni nadra kuisha. Tena kilichojengwa hupungua kikiachwa. Mwaka 2004 Ujerumani, watu waliojifunza kwa miezi 3 kurusha mipira mitatu hewani kwa kupokezana walionekana kuongezeka kidogo sehemu fulani za ubongo. Walipoacha mazoezi, ongezeko likapungua. Ndiyo maana robo saa ya kila siku barazani ina faida kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi, na usingizi mzuri wa usiku husaidia yaliyosomwa mchana yakae.

Wiki iliyopita nilipita tena. Mjukuu alikuwa ameandika neno jipya kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa kubwa. Bibi aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akakipeleka moja kwa moja mpaka ya mwisho bila kusita katikati.

"Bado," akasoma, akageuza ukurasa.