Haftaimu shafo si kupunguza mwendo

Haftaimu shafo ni mdundo wa dramu unaogawa kila hesabu vipande vitatu, ukaiachia haihati, yaani matoazi mawili yaliyopachikwa pamoja, kipande cha kwanza na cha tatu, ukaweka pigo zito la snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye hesabu ya tatu peke yake kati ya nne za kila baa, badala ya mbili na nne. Maana imeishia hapo. Kinachosumbua ni jina.

Msomaji wa Kiswahili amelijua neno haftaimu uwanjani: filimbi inalia, wachezaji wanakwenda kunywa maji. Labda ndiyo sababu kiongozi wa bendi akisema "tuingie haftaimu", nusu ya bendi inalegea. Besi inaanza kuburutwa, mpiga dramu anamfuata, na wimbo uliokuwa kwenye hesabu 120 kwa dakika unajikuta kwenye 100. Nusu inayotajwa si ya mwendo. Metronomu, kifaa cha kupimia mwendo, haiguswi. Kinachopungua nusu ni mapigo mazito ya snea: yalikuwa mawili kila baa, sasa ni moja. Sikio hushika wimbo kwa snea kuliko kwa kitu kingine chochote kwenye seti, kwa hiyo linahisi uwanja umepanuka, ilhali haihati inakimbia vilevile. Utamu wote uko kwenye mvutano huo. Ukipunguza mwendo kweli, mvutano unakufa na unabaki na wimbo uliochoka.

Shafo nayo imeonewa, kwa kugeuzwa jina la chochote chenye mahadhi ya bluzi. Kiingereza chake ni kuburura miguu, na neno lilikuwa la wacheza dansi kabla halijafika kwa wapiga dramu. Anayeburura miguu hapigi hatua sawa: moja ndefu, moja fupi, na fupi inaiegemea ndefu inayofuata. Kwa hesabu ni mbili kwa moja: ndefu inakula vipande viwili, fupi kimoja. Wengi huibana fupi mpaka inakuwa tatu kwa moja, na mdundo unageuka gwaride. Wengine huilegeza mpaka zinalingana, na hapo shafo haipo tena. Aliyekua akisikia chakacha, yenye sita kwa nane, tayari ana tatu hii masikioni, aiamini tu.

Tofauti ya shafo ya kawaida na ya haftaimu inasikika vizuri kwa mtu mmoja, Jeff Porcaro (1954–1992), mpiga dramu Mmarekani, mtoto wa mpiga dramu Joe Porcaro. Alipiga karibu albamu nzima ya Katy Lied ya bendi ya Steely Dan (1975), mwaka uliofuata akapiga kwenye albamu ya Silk Degrees ya mwimbaji Boz Scaggs, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Toto. Kwenye "Lido Shuffle" ya Silk Degrees snea inakaa mbili na nne: shafo ya kawaida, inasukuma. Kwenye "Rosanna" ya Toto (1982) vipande ni vilevile vitatu, lakini snea imehamia tatu.

Ndipo linapoingia kosa lingine, la kuuita mdundo huo mali ya Porcaro. Mwenyewe hakuficha alikoutoa. Mikono ni ya mpiga dramu Bernard Purdie, ambaye shafo yake inasikika kwenye "Home at Last" ya Steely Dan (1977). Pia alimtaja John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, aliyepiga ndugu wa mdundo huo kwenye "Fool in the Rain" (1979). Kwenye kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, Porcaro akaweka mpangilio wa mwanamuziki Bo Diddley, ulio jirani sana na klave, mdundo wa msingi wa muziki wa Kuba, ile ile ambayo mpenzi wa rumba ya Kongo anaijua bila kufundishwa. Kazi ya Porcaro ilikuwa kuviunganisha vitatu hivyo bila mshono kuonekana, na hiyo si kazi ndogo.

Mikono inakwenda hivi. Kulia kwenye haihati hupiga kipande cha kwanza na cha tatu. Kushoto kwenye snea hupiga cha katikati, kwa kunong'ona. Ukitamka unapata kulia-kushoto-kulia, kulia-kushoto-kulia, bila pengo. Ugumu uko kwenye hesabu ya tatu: kushoto inashuka kwa nguvu pamoja na kulia, na kipande kinachofuata papo hapo ni mkono uleule wa kushoto, sasa kwa mnong'ono. Fimbo inayotoka kwenye pigo zito huruka juu; usiposhika mruko huo kwa vidole, mnong'ono unatoka kama kelele. Pigo zito lianzie juu, kama sentimita 25 au 30. Mnong'ono uanzie sentimita 2 au 3 juu ya ngozi, na kifundo cha mkono kisishiriki sana.

Minong'ono ikisikika sawa na haihati, imezidi. Rekodi kwa simu ukiiweka hatua chache mbali: minong'ono isisikike kama mapigo, ila ukiiondoa mdundo uonekane una matundu. Anza kwenye 90, kiki ikiwa kwenye hesabu ya kwanza tu. "Rosanna" yenyewe iko karibu 170 kwa hesabu hii. Ukigonga mguu mara mbili tu kila baa utapata kama 85, na kwa sababu hiyo baadhi ya karatasi za nota huandika snea kwenye mbili na nne, kwa vipande vidogo zaidi. Sauti ni moja. Karatasi ndizo mbili. Usigombane na mtu kwa hilo.

Kwa hiyo mwenzako akisema "haftaimu" huku akiashiria kwa kiganja kwamba mshuke, muulize kwa upole: tunapunguza mwendo, au tunahamisha snea? Akitaka mwendo upungue, aseme "polepole". Akitaka haftaimu, acha metronomu ilivyo, uipeleke snea kwenye tatu, na mkono wa kulia uendelee kukimbia.