Utafiti tendaji si kazi ya maprofesa tu
Wakuu wengi wa shule wakisikia neno utafiti huwaza tasnifu na hojaji za watu mia tatu. Sivyo. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyeueleza utafiti tendaji, yaani kuchunguza kazi yako mwenyewe ili uiboreshe, huko Marekani mwaka 1946, aliuona kama mzunguko: panga, tenda, angalia matokeo, panga upya.

Tuseme utoro unazidi siku ya gulio. Mwalimu mkuu anafungua rejista za muhula mzima, anazungumza na wazazi, anahamishia michezo siku hiyo, kisha anahesabu tena baada ya wiki sita. Utoro usipopungua, hajashindwa. Dhana yake ndiyo iliyokosea, ajaribu nyingine. Ila kuhesabu mara moja na kumwandikia mdhibiti ubora wa shule (mkaguzi) ripoti nzuri, huo si utafiti tendaji hata kidogo.